Waliotulea wakati mama zetu wakiwa darasani

Heshima kwenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mwalimu wa shule ya msingi, na mama wa watoto wawili ambao mpaka sasa hawajaonyesha nia yoyote ya kushika chaki, jambo ambalo bibi yao analihesabu kuwa msiba mdogo. Kila ifikapo Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani, husoma humu simulizi za walimu waliowatoa watu mbali, nami hufurahi pamoja nanyi. Leo naomba kuandika habari za watu wasiokuwa na siku yao: wale waliobaki na watoto wa mwalimu nyumbani wakati mwalimu anafundisha watoto wa wenzake. Kwa nilivyolelewa na kwa nilivyolea, naamini shule nyingi za nchi hii zimesimama kwa jasho la watu hao, na hakuna taarifa ya elimu iliyowahi kuwataja. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka anaweza kurudi jioni.

Mama alimaliza darasa la saba wilayani Korogwe katikati ya miaka ya 1970. Novemba 1974 TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, kilikuwa kimepitisha Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa na kufundishwa ualimu hukohuko vijijini: sehemu ya siku wanafundisha, sehemu nyingine wanafundishwa wao na walimu wazoefu, wanasikiliza vipindi vya redio, kisha mwishoni wanakwenda chuoni kwa muda mfupi. Hao ndio walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Watani walidai herufi hizo ni kifupi cha "Ualimu Pasipo Elimu", na mama, ambaye si mtu wa kununa ovyo, utani huo haujawahi kumchekesha. Alikuwa bado binti mdogo, amekabidhiwa darasa la kwanza ambalo baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wamechelewa kuanza shule kiasi cha kumfikia yeye kwa kimo.

Shule yenyewe ilipakana na shamba la mkonge. Mtu aliyekulia Tanga ataelewa maana yake bila maelezo: mistari ya mkonge isiyo na mwisho, mngurumo wa korona, ile mashine ya kuchakata majani, singa (nyuzi za mkonge) zimeanikwa kwenye nyaya, na kambi za wafanyakazi ambao wazee wao waliletwa kama manamba kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi. Ndani ya darasa la mama mlikuwa na watoto wa Kisambaa na Kizigua waliokaa benchi moja na watoto wa Kiha na Kimakonde, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, ingawa baadhi yao walikisikia sawasawa kwa mara ya kwanza hapo shuleni.

Mimi nilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni na unga wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, ulikuwa chakula cha wenye bahati. Likizo ya uzazi ilipokwisha, mama alirudi kazini. Bibi mzaa mama alikuwa Lushoto, ana mashamba yake na wajukuu wengine, na kushuka milimani kuja kukaa kwenye joto la Korogwe lilikuwa jambo ambalo hakutaka hata kulisikia. Aliyenichukua ni mwanamke mmoja wa kambini, Muha, mumewe mkata mkonge. Sote tulimwita Bibi, ingawa nikikokotoa sasa naona hakuwa amefika hata miaka arobaini.

Kila siku saa nne, kengele ya mapumziko ilipogongwa, Bibi alikuwa tayari chini ya mfenesi nyuma ya ofisi ya walimu, mimi nikiwa mgongoni kwake. Mama alitoka na vumbi la chaki mikononi, akajifuta kwenye pindo la kanga, akakaa juu ya mzizi na kuninyonyesha huku daftari za hesabu zikiwa zimepangwa pembeni yake, kwa sababu mkono mmoja ulibaki huru na kalamu nyekundu ilikuwamo sikioni. Mama husimulia kwamba siku ambazo nilikuwa na njaa zaidi, kengele ya kurudi darasani ilichelewa kidogo. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa, na mwalimu wa zamu aliyeshika chuma cha kuigongea alikuwa na macho. Hakuna waraka uliomwagiza mwalimu yule kufanya hivyo, na sidhani kama aliwahi kushukuriwa.

Bibi hakujua kusoma. Walimu wa wakati ule walikuwa pia na jukumu la kufundisha kisomo cha watu wazima, na mama alikuwa na darasa lake la jioni katika chumba kilekile cha asubuhi. Kwa hiyo utaratibu wa maisha yao ukawa hivi: asubuhi Bibi anamlelea mwalimu mtoto, na jioni mwalimu anamfundisha Bibi herufi, mtoto akiwa amelala juu ya mkeka katikati yao. Mwaka 1983 ulipofanyika mtihani wa kisomo wa taifa, Bibi alikuwa miongoni mwa waliofanya. Mama anakumbuka alivyoishika penseli kwa vidole vilivyokakamaa kwa kusokota kamba za singa, akiikandamiza mpaka karatasi ikatoboka penye jina lake. Alifaulu. Cheti chake alikiweka ndani ya sanduku pamoja na kadi ya kliniki, ambayo ilikuwa yangu.

Nimeambiwa kwamba maneno yangu ya kwanza yalikuwa ya Kiha, na kwamba mama alilazimika kwenda kambini kuuliza mwanawe anaomba nini. Nililipokea jambo hilo kama kichekesho mpaka nilipokuwa mama mwenyewe, siku nilipomsikia mwanangu akiimba wimbo wa kubembelezea watoto nisioujua, wenye lahaja ya mahali ambako sijawahi kukanyaga, akamaliza beti zote bila kukosea.

Inaendelea: kuwa mtoto wa mwalimu

Waliopitia hili watanielewa, na wasiopitia wataniona mlalamishi. Nilianza darasa la kwanza katika shule ya mama. Usiku uliotangulia aliniweka chini na kunieleza kwamba kuanzia kesho, tukishavuka ule mstari wa michongoma, yeye si mama bali ni mwalimu, na nitamwamkia kama wengine wanavyomwamkia. Nilikubali kwa sababu nilidhani ni mchezo. Siku hiyo nilipigwa mstarini kwa kucha ndefu, mbele ya shule nzima, na aliyenipiga ndiye ambaye Jumapili alikuwa amesahau kunikata kucha hizo.

Mtoto wa mwalimu huchapwa mara mbili: mara moja kwa kosa na mara nyingine ili wenzake waone kwamba hakuna upendeleo. Akishika namba ya kwanza inasemekana aliuona mtihani, akishika namba ya ishirini inasemekana mama yake hafai kufundisha hata nyumbani kwake. Akicheka darasani amedeka, akinyamaza anaringa. Mwalimu mwenzake mama, mwanamume mmoja mpole aliyefundisha maarifa ya jamii, ndiye pekee aliyeniita kwa jina langu. Wengine wote waliniita "mtoto wa mwalimu", nami niliitika.

Hata hivyo nyumbani mambo yalikuwa mengine, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema walimu hawalei watoto wao. Mama alikuwa akiandika andalio la somo kwa mwanga wa koroboi, nasi tukiwa tumemzunguka, na kabla ya kulipeleka darasani alilijaribu kwetu. Sehemu za nambari nilizijifunza kwa chungwa la Muheza kabla ya kuziona ubaoni. Kitu ambacho hakuwa nacho ni muda wa kukaa tu nasi bila kufundisha chochote. Huo tuliupata kwa Bibi, ambaye alitusimulia hadithi zisizokuwa na funzo, zinazoishia katikati kwa sababu maji yamechemka, na ambaye hakuwahi kutuuliza tumeelewa nini.

Inaendelea: zamu yangu

Serikali ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Watoto walimiminika. Mimi niliingia ualimu katika wimbi hilo, kwa ule utaratibu wa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja kwenye mazoezi shuleni, na mama, aliyekuwa amefundisha kwa zaidi ya robo karne, naye akatakiwa kujiendeleza ili afikie Daraja la Tatu A, ngazi ya cheti cha ualimu wa shule za msingi. Tulikuwa wanafunzi kwa wakati mmoja. Aliazima vijitabu vyangu vya saikolojia ya elimu na kuvirudisha vikiwa na maandishi pembeni kwa penseli, mengine yakimpinga mwandishi vikali. Penye sura inayoeleza mtoto wa miaka saba anavyofikiri alikuwa ameandika: "Huyu hajakaa na mtoto wa miaka saba mwenye njaa."

Darasa langu la kwanza lilikuwa na zaidi ya watoto mia moja. Sitaeleza sana, kwa sababu walimu waliomo humu wanajua, na hali hiyo ilijirudia Januari 2016 michango ilipoondolewa katika mpango wa elimu bila malipo. Nitaeleza habari za mtoto mmoja. Alikuwa mvulana wa darasa la kwanza aliyechelewa kila siku, na alipofika hakuwa peke yake: alimshika mkono mdogo wake wa kike, labda wa miaka mitatu, kwa sababu mama yao alikwenda sokoni alfajiri na hapakuwa na mtu mwingine. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema mtoto ambaye hayumo katika rejista hana pa kukaa. Nilikuwa nimejifungua mwaka uliopita. Nikamkalisha binti yule chini, karibu na meza yangu, nikampa kipande cha chaki na sakafu. Kufikia muhula wa pili alikuwa anaitikia ba, be, bi, bo, bu kwa sauti kubwa kuliko wenye madawati, na kaka yake alikuwa hachelewi tena, kwa kuwa sasa yule mdogo ndiye aliyekuwa akimburuta waje shuleni.

Kuhusu mwanangu mwenyewe, sheria ilinipa kile inachompa kila mwajiriwa: siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa anayejifungua watoto zaidi ya mmoja, na baada ya hapo nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa mbili kwa siku wakati wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeandika hivyo, na si haba. Lakini hesabu haitaki shahada. Siku 84 ni wiki kumi na mbili. Kliniki inakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Na nyumba niliyopanga ilikuwa mbali na shule kwa sababu nyumba za walimu hazikutosha. Saa mbili za kunyonyesha zingeishia barabarani. Mtu lazima apatikane.

Aliyepatikana ni msichana aliyekuwa amemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Hebu lipitieni jambo hili taratibu. Shule ya msingi, kama ile niliyokuwa nikifundisha, ilimtoa msichana huyu mlangoni. Kisha akaja kukaa na mtoto wangu ili mimi nipate kwenda kufundisha wasichana wengine, ambao baadhi yao wangetolewa mlangoni vivyo hivyo na kwenda kulea watoto wa walimu wengine. Mshahara wangu mmoja uliendesha ajira za watu wawili, lakini serikali ilikuwa na kumbukumbu ya mmoja tu.

Dada (ndivyo tulivyomwita, na mwanangu anamwita hivyo mpaka leo) alikuwa na kipawa ambacho chuo hakikunipa. Alikusanya vizibo vya soda kutoka genge la jirani, akavipanga kumi kumi juu ya jamvi, na mtoto akawa anajumlisha kabla hajajua kwamba anajumlisha. Nilivichukua vizibo hivyo nikavipeleka darasani, na mkaguzi alipokuja alinisifia kwa zana za kufundishia. Nilimweleza kwamba zana ni za msichana wetu wa kazi. Akacheka, akidhani ni mzaha, akaandika jina langu.

Baadaye Dada alisoma jioni kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, kisha kidato cha nne. Sasa ana duka la vifaa vya shule na mkopo benki, na simu zake kwangu ni za kuuliza maendeleo ya "mtoto wake".

Nawaachia uwanja. Nani alibaki na ninyi?

Mchangiaji wa kwanza

Mwalimu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi nililelewa na mama mkubwa, dada yake mama, kule Same. Mama alihamishwa kituo mara kwa mara na kila alikokwenda aliombewa uhamisho wa kumfuata mwenza, ambao ulifika wakati mwenza mwenyewe ameshahamishwa tena. Mama mkubwa hakuwa na mtoto wake wa kumzaa. Siku ya harusi yangu palitokea ubishi wa nani akae kiti cha mama wa bwana harusi, na mama yangu mzazi ndiye aliyeumaliza kwa kumshika dada yake mkono na kumkalisha. Naongeza jambo moja ambalo hukuligusa: wapo pia akina baba waliobaki na watoto. Jirani yetu alikuwa fundi baiskeli, mkewe mwalimu, na sisi sote mtaani tulijua kwamba uji mtamu ulipikwa kwa fundi baiskeli.

Mchangiaji wa pili

Mimi nilikuwa huyo Dada, si wa nyumbani kwako bali kwa mwalimu mwingine, na naomba kusema kwa heshima zote. Nilifika nikiwa na miaka kumi na minne. Mwalimu alinipenda na sina kinyongo naye; alinifundisha kushona na alinitibia nilipougua. Lakini katika miaka yote niliyokaa pale, kila nilipoulizia mshahara niliambiwa kwamba mimi ni mtu wa familia. Watoto wa familia hiyo walikuwa wakienda shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nami nikiwafungia vifungo vya mashati. Usiku mwalimu alipokuwa akisahihisha, nilikuwa nikisoma insha za wanafunzi wake kwa kuchungulia begani kwake, na nyingine nilijua kabisa kwamba ningeandika vizuri zaidi. Simulizi yako ni nzuri, mwalimu, kwa sababu Dada wako alisoma QT na akafungua duka. Tulio wengi hatukufungua duka, na uzi wa namna hii ukiishia kwenye duka, wasomaji watalala usingizi mzuri ambao hawajaustahili.

Mwanzisha uzi

Mchangiaji wa pili, mdogo wangu, nimekusoma na kurudia. Umesema lililopaswa kusemwa na sitalipunguza makali. Amri ya mishahara ya serikali inawataja watumishi wa majumbani kwa kima cha chini chao, na Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka kumi na minne kuwa umri wa chini kwa kazi nyepesi, tena isiyomzuia mtoto kusoma. Walimu tunazijua sheria hizi kwa sababu tunafundisha haki za mtoto darasani. Mwalimu anayeidai serikali malimbikizo yake kwa barua yenye kumbukumbu namba, huku nyumbani kwake yupo binti asiyejua mwezi wake unaisha lini, hana hoja ya kupeleka kwa mwajiri wake. Wazungumzeni hilo kwenye mikutano ya chama, wala msisubiri afisa aje kulikuta.

Wapo walioniuliza kwa ujumbe kwamba sasa nafanya nini. Darasa la awali linapokea watoto wa miaka mitano, na chini ya hapo mwalimu anajitegemea, ingawa tangu Desemba 2021 nchi ina programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vimetajwa ndani yake. Katika shule yetu tumeomba stoo ya zamani ya majembe, tukaipiga chokaa na kuweka mikeka, na walimu wenye watoto wachanga wanachanga kumlipa mama mmoja mtu mzima, kwa mkataba wa maandishi alioushika mkononi, anayekaa nao kuanzia kengele ya kwanza. Kengele ya saa nne ikilia, mwenye kunyonyesha anavuka uwanja tu. Binti yeyote wa darasa la saba anayeweza kuendelea na shule aendelee, haitwi kuja kutusaidia. Tumekwama kwenye jambo moja: likizo ya Juni na ya Desemba. Baadhi yetu wanasema mlezi asilipwe kwa sababu hakuna kazi, na mimi nimewauliza kama wao hurudisha mishahara yao ya Desemba. Kikao kimeahirishwa mpaka Ijumaa. Mwenye shule iliyolipita jambo hili atuwekee hapa walivyoandika kwenye mkataba wao.